Kabla Hujagusa "Onyesha Picha"

Barua pepe ikikufikia simuni ikiwa na picha, mara nyingi picha hiyo haimo ndani ya barua. Kilichomo ni maandishi, pamoja na anwani ya mahali picha ilipowekwa, kwenye kompyuta ya mtumaji au ya kampuni aliyoikodi. Ukifungua barua, simu yako ndiyo inayokwenda kuifuata. Inapiga hodi kwa mtumaji, inajitambulisha, inachukua picha na kuileta kwenye kioo. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho, nawe huoni kitu ila ufukwe mzuri au nembo ya benki.

Mwongozo huu ni wa hodi hiyo. Nawaandikia watu wa Tongoni na vijiji jirani vya barabara ya Pangani: mwenye nyumba ya wageni, kijana anayewatembeza watu kwenye magofu, mwalimu aliyeomba uhamisho, binti aliyemaliza chuo anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Wengi wao barua pepe wanaisoma kwa simu tu. Kompyuta wanaikuta stesheneri, Tanga mjini, siku ya kuchapa vyeti. Simu ndiyo ofisi yao, na ofisi hiyo ilikuja na mipangilio iliyochaguliwa na mtu mwingine.

Hodi inasema nini

Picha inapoombwa, kompyuta inayoitunza huandika mambo kadhaa: saa na dakika iliyoombwa, aina ya simu na programu iliyoomba, na anwani ya IP ya mtandao uliotumika. Kwa anwani hiyo mtu anaweza kukisia nchi uliyomo na kampuni inayokupa intaneti. Ukiwa kwenye bando la simu, kwa kawaida hawezi kufika mbali zaidi, kwa sababu kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hiyo usihofu kwamba tapeli aliye ng'ambo atakufuata mpaka mlangoni. Kijiji chako hatakijua. Atakachojua ni kile anachokihitaji zaidi: kwamba upo, na kwamba unasoma.

Atajuaje ni wewe na si mwingine? Kila barua hupewa picha yenye anwani yake pekee. Barua ikienda kwa watu 10,000, zinatengenezwa anwani 10,000 za picha ileile, na ile inayoombwa ndiyo inayomtaja aliyefungua. Wala picha yenyewe haihitaji kuonekana. Inayotumika zaidi ina ukubwa wa pikseli 1 kwa 1, haina rangi, na imefichwa chini kabisa ya barua. Unaweza kusoma barua ya maneno matupu, ukaapa kwamba hukuona picha yoyote, kumbe ilikuwamo.

Watumaji wa barua taka hununua orodha za anwani au huzitunga kwa mashine: jina la kawaida, namba mbili tatu, kisha gmail.com au yahoo.com. Nyingi katika hizo hazina mwenyewe, au mwenyewe alisahau nywila miaka mingi iliyopita. Anayefungua picha huwafanyia kazi ya kuchambua. Anwani yake inatolewa kwenye rundo la anwani mfu na kuwekwa kwenye la anwani hai. Anwani hai huuzwa tena, kwa bei nzuri zaidi. Ndiyo maana mtu akifungua barua moja ya bahati nasibu asiyoicheza, wiki chache baadaye anaweza kujikuta na barua za mikopo, dawa za nguvu na urithi wa marehemu asiyemfahamu.

Wala wafanyao hivi si matapeli peke yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walijiandikisha kwenye mamia ya orodha za matangazo na majarida, kisha wakachunguza barua walizopokea. Waliona kwamba karibu asilimia 29 ya barua hizo, zilipofunguliwa tu, zilivujisha anwani ya barua pepe ya msomaji kwa kampuni nyingine ambayo msomaji hakuwahi kushughulika nayo. Mwaka uliofuata ikazuka kelele juu ya Superhuman, programu ya barua pepe ya kulipia. Ilimwonyesha mtumaji ni lini barua yake ilifunguliwa, mara ngapi, na takriban mpokeaji alikuwa wapi. Mbunifu mmoja wa programu, Mike Davidson, aliandika kuilaumu, na kampuni ikaiondoa sehemu ya kuonyesha mahali. Somo kwa mtu wa Tongoni ni kwamba hata mteja wako au mwajiri wako mtarajiwa anaweza kujua umeisoma barua yake usiku wa jana na hujajibu.

Je, picha inaweza kuleta virusi? Watu huuliza hili kwanza, nami nadhani wanaanzia pasipofaa. Imewahi kutokea. Mwaka 2015 Android iligunduliwa na udhaifu ulioitwa Stagefright, uliowezesha faili la video kuishambulia simu, na Septemba 2023 kampuni kubwa zililazimika kuziba haraka tundu katika programu inayosoma picha za aina ya WebP. Matundu kama haya huzibwa kwa masasisho. Simu inayosasishwa haina mengi ya kuogopa kutoka kwenye picha. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni mwenye simu ya zamani iliyonunuliwa "used", ambayo mtengenezaji aliacha kuipelekea masasisho. Kwa wengine, hatari iko kwenye ile hodi, na zaidi kwenye kile utakachokigusa baadaye.

Programu yako inafanya nini

Hapa ndipo programu zinapotofautiana sana, na ndipo ushauri wa jumla unapowapotosha watu.

Gmail ndiyo iliyo kwenye simu nyingi za Android. Tangu Desemba 2013 kwenye kompyuta, na tangu 2014 kwenye simu, huonyesha picha bila kukuuliza, lakini hairuhusu simu yako iende kwa mtumaji. Kompyuta za Google ndizo zinazokwenda, zinaichukua picha, zinaikagua, kisha zinakupa nakala. Mtumaji anaona Google imekuja. Haioni simu yako wala mtandao wako. Sasa sikiliza vizuri: picha ile bado ina anwani yake pekee, na Google huifuata pale unapoifungua barua. Kwa hiyo taarifa kwamba umefungua, na saa uliyofungua, bado inafika. Wengi wakisikia Google inawakinga hudhani kinga ni kamili. Mahali ulipo pamefichwa; usomaji wako haujafichwa.

Kuziba hilo, fungua Gmail, gusa mistari mitatu iliyo juu kushoto, shuka hadi kwenye mipangilio, chagua akaunti yako, halafu teremka mpaka sehemu ya picha, iliyoandikwa Images kama simu yako ni ya Kiingereza. Utakuta machaguo mawili: picha za nje zionyeshwe daima, au uulizwe kwanza. Chagua kuulizwa. Mpangilio huu ni wa akaunti moja moja, kwa hiyo kama simu ina anwani yako, ya biashara na ya mkeo, rudia kwa kila mojawapo. Kuanzia hapo barua za matangazo zitakuja na visanduku vitupu, na juu yake utapewa nafasi ya kuonyesha picha. Unaweza kuruhusu kwa barua hiyo tu, au kwa mtumaji huyo siku zote. Ruhusa ya siku zote mpe mtu unayemjua kwa sura au kwa biashara, si yule aliyeandika mara ya kwanza leo.

Programu ya Mail ya iPhone ilichukua njia tofauti kabisa mwezi Septemba 2021, toleo la iOS 15 lilipotoka. Ukiwasha kinachoitwa "Protect Mail Activity", simu huchukua picha za barua kimyakimya, uzisome barua hizo usizisome, kwa kupitia kompyuta za kati zinazoficha IP yako. Mtumaji huona kama kwamba kila barua imefunguliwa, na hesabu yake inakosa maana. Ni hila nzuri. Inao mpaka wake, lakini: inafanya kazi ndani ya Mail ya Apple tu. Mwenye iPhone anayesoma barua zake ndani ya programu ya Gmail, na hao ni wengi, hanufaiki nayo. Ipo kwenye mipangilio ya Mail, sehemu ya Privacy Protection. Ukiizima, utaona vitufe viwili vingine, cha kuficha IP na cha "Block All Remote Content". Anayenunua bando la siku na kulihesabia kila MB namshauri hicho cha mwisho. Picha hazitaletwa kabisa mpaka atake.

Outlook ya simu ina kitufe cha "Block external images" ndani ya mipangilio ya kila akaunti. Yahoo, ambayo kwa Watanzania wengi wa umri fulani ndiyo anwani ya kwanza waliyofungua internet cafe na hawajaiacha hadi leo, nayo ina chaguo la kuzuia picha katika mipangilio yake. K-9 Mail, na ndugu yake Thunderbird ya Android iliyotoka Oktoba 2024, huanza na picha zimezuiwa, na unaweza kuziruhusu kwa walio kwenye orodha yako ya majina pekee. Kwa maoni yangu huo ndio mpangilio wenye busara kuliko yote, na sielewi kwa nini wengine hawauigi. Pengine ni kwa kuwa barua yenye picha zote mahali pake hupendeza, na mtu asiyeambiwa kitu hupenda kinachopendeza.

Kuna picha ambayo haina neno: ile iliyoambatishwa. Mgeni akikutumia picha ya pasipoti yake kama kiambatisho, imo ndani ya barua yenyewe, na kuitazama hakumpigii mtu hodi. Ila kiambatisho cha aina nyingine, hasa faili linalotaka kusakinishwa kwenye simu, usiliguse.

Mgeni anayetaka vyumba saba

Chukua mfano. Una vyumba vichache karibu na Tongoni. Inakuja barua kwa Kiingereza kutoka kwa mtu anayejiita mratibu wa ziara za wanafunzi wa historia. Ana kundi la watu 14, wanataka vyumba saba kwa siku nne, waone msikiti wa kale na makaburi, yale zaidi ya 40, yakiwemo ya nguzo, kisha wapelekwe kwenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Anakusifia. Ratiba kamili, anasema, iko kwenye picha hapo chini, iguse uione vizuri.

Ukiwa umezuia picha, barua hii inabaki na maneno yake matupu, na maneno matupu ni rahisi kuyapima. Gusa jina la mtumaji uone anwani halisi. Jina linaloonekana juu mtu hujiandikia atakavyo, lakini kilicho baada ya alama ya @ ni kigumu zaidi kughushi. Halafu jiulize ratiba imewekwa kwenye picha kwa nini. Mtu mwenye ratiba ya kweli huiandika, au huambatisha faili. Tapeli huipenda picha kwa sababu mbili: mashine zinazochuja barua taka husoma maandishi kwa urahisi kuliko maneno yaliyochorwa ndani ya picha, na picha nzima inaweza kufanywa kiungo. Ukiigusa ili kuikuza, unajikuta kwenye ukurasa unaofanana na ule wa Google, unaoomba nywila yako.

Usiigombeze barua hiyo wala usiifute papo hapo. Huenda ni mgeni wa kweli, na msimu ni mfupi. Mjibu kwa maneno, mwulize jambo ambalo mtu anayekuja lazima awe amelifikiria: mtafika Tanga kwa basi au kwa ndege, na nani anakula nini. Wa kweli atajibu hayo. Wa uongo ataruka maswali na kurudi kwenye picha, au ataingia kwenye malipo: atatuma hundi au atalipa kwa kadi kiasi kikubwa kuliko bei, nawe umrudishie chenji kwa M-Pesa kwenda kwa "dereva". Hapo mazungumzo yamekwisha. Pesa yake itabatilishwa, yako imeshakwenda.

Wanaotumia mitandao ya kuuza vyumba wana mtego wao wa pekee. Barua huja na nembo ya Booking.com, ikidai mgeni amelalamika au akaunti yako itafungwa leo. Microsoft ilieleza Machi 2025 juu ya wimbi moja la barua hizo lililoanza Desemba 2024, likilenga watu wa hoteli katika mabara kadhaa. Waliobonyeza walielekezwa wao wenyewe wapachike amri kwenye kompyuta zao, na amri hiyo ndiyo iliyoleta programu ya wizi. Nembo haithibitishi chochote. Funga barua, ingia kwenye akaunti yako kwa njia unayoingilia kila siku, uone kama malalamiko hayo yapo.

Kwa anayetafuta kazi, nembo inayowachanganya watu ni Ngao ya Taifa. Yeyote anaweza kuinakili. Anwani zinazoishia na .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali tu, kwa hiyo barua ya "Sekretarieti ya Ajira" iliyotoka kwenye Gmail, ikiwa na ngao kubwa juu na ombi la "ada ya usaili" chini, haina haja ya kuchunguzwa zaidi.

Ukikuta taka

Usiifute tu, iripoti kuwa ni taka, ndani ya programu yenyewe. Kuripoti huifundisha Gmail au Yahoo kumtambua mtumaji, na hukusaidia wewe na wengine. Barua zilizo kwenye folda ya taka Gmail haiziletei picha, na huzifuta zenyewe baada ya siku 30. Ipitie folda hiyo mara kwa mara bila kufungua chochote usichokitambua, maana barua za wageni halali huangukia humo.

Kiungo cha kujiondoa kilicho chini ya barua nacho kina kanuni yake. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo huwataka watumaji wakubwa wa matangazo wathibitishe kwamba barua ni zao na waweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja. Kwa kampuni uliyojiandikisha mwenyewe, jiondoe, ni salama. Kwa usiyemjua, mguso huo ni hodi nyingine, ripoti tu.

Na wewe unapotuma

Sasa geuza upande. Watu wetu wana mazoea ya kutengeneza bango zuri lenye kila kitu, bei, tarehe, namba ya simu, ramani, kisha kulituma kama picha moja bila hata mstari wa maneno. WhatsApp inakubali. Kwenye barua pepe bango hilo linafanana kabisa na barua ya tapeli wetu wa vyumba saba, na mashine za kuchuja zinaliona hivyo. Hata likipita, mpokeaji aliyezuia picha anaweza kuona kisanduku kitupu. Andika mambo yote muhimu kwa maneno: Tongoni iko wapi, takriban kilomita 17 kusini mwa mji wa Tanga, chumba ni shilingi ngapi, chakula kimo au hakimo, upigiwe simu gani. Picha mbili tatu ambatisha, ukizipunguza ukubwa kwanza. Usitumie huduma zinazokuonyesha nani amefungua barua yako, hata kama ni za bure. Mgeni akigundua atakuona mdukuzi, na kujua kwamba amesoma hakukuletei malipo.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Anayekusanya majina, namba na anwani za wageni kwa ajili ya biashara ni mkusanyaji wa taarifa binafsi, na sheria inamtaka ajisajili kwenye Tume hiyo. Daftari la wageni la miaka mitano si orodha ya kuuzia matangazo bila idhini yao.

Kama umeshafungua

Aliyefungua picha tu hana cha kubadilisha. Aripoti barua, azuie picha kwenye mipangilio, avumilie taka kuongezeka kwa muda. Aliyegusa kiungo akafunga bila kuandika kitu, naye yuko salama kwa sehemu kubwa. Aliyeandika nywila yake abadilishe sasa hivi, aanze na ya barua pepe kwa kuwa akaunti nyingine zote hufunguliwa upya kupitia hapo, kisha awashe uthibitishaji wa hatua mbili na atazame kama kuna simu ngeni iliyoingia kwenye akaunti. Aliyetoa namba ya siri ya M-Pesa au ya benki apige simu kwa mtoa huduma kabla ya kufanya lolote jingine. Na kama tapeli alitoa namba ya simu ya hapa nchini, namba hiyo hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040.